Mimu Iliyomezwa

Kuanzia stesheni ya Pugu hadi mwisho wa mashamba ya Kisarawe, hapakuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani mkali kama Mwishehe wa Kitwana. Wapo waliompiga mtoto kwa kuchelewa, wapo waliompiga kwa kusinzia. Hayo yeye aliyasamehe. Kosa ambalo hakulisamehe lilikuwa moja tu: mtoto kumeza herufi, yaani kusoma mbio mbio hadi herufi moja katikati ya neno ipotee, isisikike.

"Herufi haimezwi!" alikuwa akifoka, ufito mkononi. "Si pilau hiyo!"

Basi watoto wakamwita Mwalimu Pilau, mbali na masikio yake, na wazazi wao, ambao wengi walipita chini ya ufito uleule, nao ulimi uliwateleza mara moja moja. Alijua, wala hakuudhika. Alijiona mlinzi. Watu wa Kisarawe walizisoma herufi za Kiarabu vizuri tu, lakini maana ya walichosoma walikuwa nayo wachache, na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, maana alikuwa nayo ya kuokoteza, neno hapa neno pale. Kwa hiyo alikishikilia kile alichokiweza. Hakuna aliyewahi kumsikia akikosea matamshi, na heshima yake yote ilikaa hapo.

Katika waliochapwa sana alikuwamo Pazi, mtoto pekee wa Mwanahalima, mjane aliyekuwa akisuka mikeka. Pazi alikuwa na haraka ya kuzaliwa. Siku moja aliimeza herufi ya mimu, akachapwa hadi rafiki yake Abeid, aliyekaa naye jamvi moja, akaanza kulia kwa niaba yake. Mwanahalima alikuwa barazani kwake ng'ambo ya njia, ukili mkononi, akasikia kila fimbo. Hakuinuka. Jioni alipomkanda mwanawe kwa maji ya moto alimwambia, "Mwalimu anajua anachofanya, baba. Ungeisoma tu hiyo mimu."

Watoto wakakua. Vita vya Hitila vilipopamba moto, Pazi na Abeid waliandikishwa keya, jeshi la Mwingereza, wakavushwa bahari hadi Bara Hindi, na kutoka huko wakapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Kilichorudi kwanza kilikuwa mkoba. Tarishi wa boma alimletea Mwanahalima habari kwamba mwanawe amefariki huko Bama, akamkabidhi vitu vya marehemu: shuka, mkanda, kikombe cha bati, na mkebe mrefu uliofungwa kwa kamba. Ndani ya mkebe mlikuwa na picha iliyoviringishwa.

Ilikuwa picha ya kupigwa chapa, nakala ya mchoro wa zamani. Ukuta mwekundu ulikwenda kutoka upande mmoja wa karatasi hadi wa pili, una minara ya duara. Juu ya ukuta palikuwa na majumba ya madirisha mengi na kuba nyeupe za msikiti. Chini yake ulipita mto mpana, wenye mchanga ukingoni na mashua zilizofungwa. Na chini kabisa ulikuwapo mstari mmoja wa maandishi. Herufi zilikuwa zile zile za Kiarabu, ila zimelala upande na kupandana, uandishi ambao haujapata kuonekana Kisarawe.

Nyumba ilikuwa imejaa waliokuja kuhani. Wanaume walikaa uani, wanawake ndani, na Mwanahalima akatoka na picha ile mikononi, ushungi umemwanguka mabegani, akaenda moja kwa moja kwa Mwishehe.

"Mwalimu, nisomee. Mwanangu ananiambia nini hapa?"

Mwishehe akaipokea kwa mikono miwili. Akausoma mstari kutoka mwanzo na hakuambulia kitu. Hakikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiajemi, au lugha yoyote ile ya huko Bara Hindi, iliyovaa nguo za Kiarabu. Angeweza kusema "sijui." Neno lenyewe fupi, halina hata herufi ngumu. Lakini uani palikuwa na baba wa kila mtoto aliyemfundisha, wote wakimtazama mdomo, na mbele yake alisimama mama aliyefiwa. Jasho likamtoka chini ya kofia. Macho yakakimbilia neno la mwisho, likaonekana kama ndugu aliyekutwa ugenini: jimu, kisha nuni, kisha alifu.

"Imeandikwa Janna," akasema. "Pepo."

Mwanahalima akakaa chini palepale mchangani. Kutoka ndani wanawake wakapaza sauti wakimtaja Mungu. Mtu mmoja akaonyesha mto kwa kidole: si inajulikana kwamba majumba ya Peponi yanapitiwa na mito chini yake? Na huu hapa, unapita! Mwishehe alitaka kusema kwamba Pepo haichoreki, kwamba hakuna aliyeiona akarudi kuichora, na kwamba huenda ni mfano tu. Na kweli alisema, ila kwa sauti ndogo, na watu walikuwa wameshaanza kuipitisha picha mkono kwa mkono. Aliondoka pale akiwa ameshikwa mkono na kila mwanamume. Alijisikia vizuri, na kumbukumbu ya kujisikia vizuri siku ile ndiyo iliyokuja kumchoma baadaye kuliko mengine yote.

Mwaka ulipotimia wakamsomea Pazi hitima. Fundi seremala alikuwa ameitia picha fremu ya mvule na kioo, nayo ilitundikwa ukumbini mkabala na mlango, ipate mwanga. Baada ya dua, wengine wakinawa mikono, Mwishehe akasogea kulitazama neno lake. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikwenda kama mtu anavyokwenda kuangalia mti alioupanda.

Baina ya jimu na nuni palikuwa na kifundo.

Kilikuwa kidogo, wino umezidi kidogo, kama mdudu aliyekauka. Akasogeza uso hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akafuta kwa ukingo wa kanzu. Kifundo kilikuwa palepale. Mimu. Neno halikuwa Janna. Lilikuwa Jamna, na Jamna ni nini yeye hakujua, ila alijua kwamba si Pepo na halijawahi kuwa Pepo. Yeye, Mwishehe wa Kitwana, alikuwa ameimeza mimu mbele ya matanga, na mimu ile ile aliyomchapia marehemu.

"Umeiona, Mwalimu?" Mwanahalima alikuwa nyuma yake na sinia la mandazi. "Kila asubuhi nasimama hapo. Napata nguvu ya kusuka."

"Nimeiona," akasema, akachukua andazi, akaaga.

Njiani kurudi alijipa sababu, na alikuwa hodari wa sababu. Mama amefarijika, kwa nini amvunje moyo? Picha haidhuru mtu. Mungu anajua nia. Sababu zote hizo zilikuwa nzuri, na hata moja haikuwa sababu yenyewe. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba anaona haya, basi. Angewezaje kesho kushika ufito?

Vita vilipokwisha, Abeid akarudi. Alirudi amekonda, ana kovu shingoni na buti za jeshi asizozivua. Siku ya pili tu akaenda kwa Mwanahalima, na kwa kuwa watu wote walitaka kusikia habari za Bama, ukumbi ukajaa tena. Mwishehe naye aliitwa, akapewa nafasi ya mbele kama kawaida.

Abeid akaingia, akasalimia wakubwa, kisha akaiona picha ukutani. Uso wake wote ukafunguka.

"Lo! Imefika!" akasema. "Mama, imekufikia! Hii si ni ile ngome ya Agra? Tulipelekwa huko kupumzika tulipotoka hospitali, mimi na Pazi. Wafalme wa Kimoghuli ndio walioijenga, zamani sana. Na mto huo ni Jamna. Pazi aliinunua sokoni ili akuonye—"

Mwanahalima alimtazama kama mtu aliyevuliwa kanga njiani. Kisha akageuka, na wote wakageuka, wakamtazama Mwishehe.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na Mungu angempenda. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ile ya chuoni, iliyowatetemesha watu wote mle ndani walipokuwa na meno ya utoto.

"Abeid! Umesahau kusoma huko kambini? Au uliyoyanywa na Wazungu yamekutia ukungu? Maandishi nimeyasoma mimi. Leo wewe unifundishe herufi?"

Mtu mmoja akacheka, na wa pili akamfuata, halafu ukumbi mzima. Abeid, mtu mzima aliyepigana vita, mwenye kovu shingoni, akainamisha kichwa kama yuko kwenye jamvi la chuo. Na Mwanahalima, ambaye hakuwa akicheka, akamwambia taratibu, "Mwanangu, nenda kapumzike. Umechoka. Usinitolee mtoto Peponi."

Abeid akaondoka. Hakutia mguu tena katika nyumba ile kwa miaka mingi. Kwa miezi kadhaa vijana walimwita Abeid Jamna, wakimuuliza habari za ngome yake, hata akauza kiwanja, akahamia Gwata, ng'ambo ya Mlandizi, kulima mpunga kwa wajomba zake. Alioa huko, na alipofiwa na mama yake alikuja Kisarawe kuzika, akaondoka siku hiyo hiyo.

Na Mwishehe akaendelea kuishi, kwa sababu aibu haiui. Ingekuwa inaua, angezikwa wiki ile. Alikula, akalala, akasomesha. Lakini ufito ulianza kumlemea. Mtoto akimeza alifu au lamu, alimchapa kidogo. Akimeza mimu, alitazama pembeni na kusema, "Rudia." Watoto hawana siri, wakagundua, wakaanza kuzimeza mimu kwa makusudi, wakicheka chini chini. Siku moja akauvunja ufito juu ya goti na kuutia jikoni. Watu wakasema Mwalimu Pilau amekuwa mpole, uzee huo, na wakamsifu. Hakuna kitu kinachouma kama sifa ya namna hiyo.

Kisha kukaja mkeka. Mwanahalima alimsukia mkeka wa kuswalia, wa ukindu mwembamba, rangi tatu, kazi ya msimu mzima, akaleta mwenyewe.

"Sina cha kukulipa, Mwalimu. Ungenisomea vibaya siku ile, nadhani ningekufa."

Aliuswalia mkeka ule kwa miaka. Kila alipoweka paji la uso chini, harufu ya ukindu ilimwingia puani, naye akasahau anaomba nini. Alianza kuikwepa njia ya nyumbani kwa Mwanahalima, akizunguka kwa nyuma, kwenye mihogo, mzee mzima mwenye kanzu nyeupe anayenasa miiba kwa kumkimbia mwanamke msuka mikeka.

Lakini Mwanahalima alimfuata chuoni. Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, kiangazi. Alishika nguzo ya baraza kabla ya kukaa, na alipotazama alikosea, akatazama upande wa bega la Mwishehe badala ya uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwanahalima. Macho vipi?"

"Ndiyo yaliyonileta. Yana ukungu, na kila mwezi unazidi. Daktari wa misheni kanitazama, kasema hayatarudi." Vidole vyake vilisuka hewa kwa mazoea. "Nina shida, Mwalimu, usinicheke. Tangu ulipoisoma ile picha, kila asubuhi namtafuta mwanangu. Nimeyapita madirisha yale yote, moja moja. Madogo, kama punje za mtama. Kuna siku nadhani naona kichwa, nikisogea kumbe ni uchafu wa kioo. Sijampata. Nataka unisomee tena, pole pole, huenda palipoandikwa pana chumba chake. Nimwone mara moja kabla sijafungwa macho."

Mwishehe alihisi uso wake ukiwaka moto, na akashukuru kwamba mwenzake haoni vizuri, kisha akaona haya kwa kushukuru.

"Nipe siku chache," akasema. "Nitakuja kukusomea. Nakuahidi."

Alfajiri iliyofuata alipanda treni Pugu, akashuka Ruvu, akaenda kwa miguu akiuliza njia hadi Gwata. Alimkuta Abeid ndani ya shamba la mpunga, tope hadi magotini, akiamia ndege. Zile buti zilikuwa zimesimama kwenye tuta, zimepasuka, zina udongo.

Abeid alimwona, akatoka majini taratibu, akanawa mikono. Kisha akasema, kwa sababu alilelewa vizuri na malezi hayaondoki, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Abeid, nimekuja..." Alikuwa ameipanga hotuba tangu Pugu, nzuri, yenye aya na dua. Yote ikamtoka. "Niliimeza mimu," akasema.

Abeid akamtazama. Midomo yake ikacheza, kidogo tu, kama anayetaka kucheka, kisha ikatulia.

"Siku ile niliyosema mbele ya watu, ulikuwa hujaiona bado?"

Hapa palikuwa na njia ya kupenya, pana tu. Mwishehe aliiona.

"Nilikuwa nimeiona. Tangu kwenye hitima. Nilijua unasema kweli, nikakuaibisha."

Abeid akakaa kwenye tuta, kando ya buti zake. Alikaa hivyo muda mrefu, na ndege wakashuka kwenye mpunga wake asiwafukuze.

"Mimi nilidhani ulikosea," akasema mwishowe. "Miaka yote nimekuwa nikisema, mzee yule alikosea, mtu hukosea. Nilikuwa nimeshakusamehe, Mwalimu. Sasa itabidi nianze upya."

"Anza, mwanangu. Au usianze. Lakini mama yake macho yanakwenda, na anamtafuta Pazi madirishani."

Abeid akageuka ghafla. "Madirishani?"

"Kila asubuhi."

"Ya Rabi," akasema Abeid. Akainuka, akaanza kuvaa buti.

Walirudi pamoja, na ndani ya treni hawakuzungumza. Mwishehe hakutaka kulifanya jambo lile kwa kunong'ona. Aliwaita majirani, akawaleta wanafunzi wake wote na ubao wao, ukumbi ukajaa kama siku zile mbili. Akasimama mbele ya picha, kidole juu ya kioo, akasoma kama asomavyo mtoto wa siku ya kwanza, herufi moja moja. Jimu. Mimu. Nuni. Alifu. Jamna. Akasema kwamba hilo ni jina la mto. Akasema aliimeza mimu kwa sababu aliona haya kusema hajui, na baadaye akamwita Abeid mwongo akijua wazi mwongo ni nani. Nyuma, mtoto mmoja alinong'ona "si pilau," na mama yake akamfinya.

Mwanahalima alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwenye sauti.

"Kwa hiyo si Pepo," akasema.

"Si Pepo. Nisamehe, dada yangu. Pepo namwombea Pazi kila siku, ila picha yake sina."

Mwanahalima akanyoosha mkono gizani kwake, akauliza, "Abeid, uko wapi? Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

Abeid akapiga magoti kando yake. Akasema kwamba walipofika pale Pazi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa. Wenzao wote walipanda juu kuyaona majumba. Pazi alikataa. Aliteremka ukingoni, akavua buti, akaingiza miguu majini, akacheka peke yake, akasema maji yake ni ya udongo kama ya Ruvu. Alikaa pale mchana kutwa akiwatazama watu wakipiga nguo kwenye mawe. Walipopita sokoni akaiona picha hii, akainunua kwa sababu moja tu. "Alisema, nitamwonyesha mama mahali nilipovua buti."

Mwanahalima akainuka. Akaukamata ukuta, akaifikia fremu, na kidole chake kikaenda juu, kwenye madirisha, mahali kilipozoea kwenda. Abeid akakishika, akakishusha, kikapita minara, kikapita ukuta mwekundu, hadi chini kabisa, kwenye mchanga, kando ya mashua iliyofungwa.

"Hapa, mama."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Akasogeza uso. Akapapasa kioo, akafinya macho, akainamisha kichwa huku na huku. Miaka yote ile, asubuhi zote zile, macho yake yakiwa mazima, hakuwahi kupatazama mahali pale. Mwishehe aliliona jambo hilo likimfikia. Aliliona kwenye mabega yake, na hakuwa na pa kuweka uso.

Alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, akasimama pale na kanzu yake pana. Mwanahalima hakugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akamwita kwa jina tupu.

"Sogea, Mwishehe," akasema. "Unanizibia mwanga."